Valvu za Saratov na Gita la Arusini

Mwezi wa mlisho haukuwa umetimia siku kumi pale kijana mmoja wa mtaani kwetu alipobisha hodi baada ya sala ya Isha, mkononi ameshika kitu alichokifunga kwa leso kama mtu aliyebeba mayai. Yeye huniita ami, nami humwita mwanangu, kwa kuwa marehemu babake alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, siku zile tukigombania ubao mmoja mbele ya maalimu. Tulipokwisha kujuliana hali aliifungua leso yake juu ya meza yangu ya kuandikia. Ndani mlikuwa na valvu mbili, vile vitaa vya kioo ambavyo watoto wa leo hawavijui kabisa isipokuwa wachache wapigao gita. Moja kichwani mwake ilikuwa na utandu wa fedha unaong'ara kama kioo cha kujitazamia. Ya pili utandu wake ulikuwa umegeuka mweupe, weupe wa maziwa.

"Ami, hii imekufa vipi na wala haikuvunjika?"

Nikampa miwani yangu na kumwonyesha ufa karibu na kitako, ufa mwembamba kuliko unywele. Hewa ilikuwa imeingia. Utandu ule wa fedha ni madini ya bariamu, hupakwa ndani ya kioo makusudi ili yanywe chembe za hewa zilizosalia kiwandani. Hewa ikijaa, madini hugeuka meupe, na valvu hiyo haina dawa. Yeye mwenyewe alikumbuka kwamba wiki iliyotangulia, wakirudi kutoka arusini Malindi, amplifaya ilisafiri nyuma ya gari juu ya masufuria.

Amplifaya yenyewe ni ya Kiingereza, ya wati 50, aliirithi kwa babake, na ndiyo iliyobeba gita la kikundi chao miaka yote. Sasa amekwisha pokea arbuni ya arusi tatu za mfunguo mosi, na arbuni ameila. Kwenye simu yake alikuwa amechagua jozi mpya ya valvu yenye jina la Mullard, bei yake karibu mara mbili ya jozi iliyokuwa imewekwa kando yake. Alitaka nimwambie mambo mawili: kama inafaa, na kama naweza kumkopesha kilichopungua.

Msomaji wangu, hilo la pili nitaliacha kati yangu na yeye. Lakini la kwanza lilininyima usingizi, kwani niliona ndani yake mna habari za vita, za biashara na za majina ya wafu, na kwamba kijana wa Mombasa anayetaka kupiga gita arusini hawezi kuyakwepa.

Wenzangu wa rika langu wataikumbuka redio ya valvu. Ya marehemu baba ilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa mbele, na mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto mdogo, kazi yangu ilikuwa kuifungua kabla ya wazee kuketi barazani. Haikusema papo hapo. Ilikuwa lazima kwanza ipate joto, mwanga mwekundu uonekane kwa nyuma, harufu ya vumbi lililopashwa itoke, ndipo Cairo ije kutoka mbali ikipanda na kushuka. Umm Kulthum alikwisha fariki tangu 1975, lakini katika sanduku lile hatukuiona tofauti.

Siri ya joto lile ndiyo siri ya valvu. Ndani ya kioo kisicho na hewa kuna uzi wa madini unaopashwa moto hadi elektroni zikatoka na kuruka kuelekea bati lililo kando yake. Mwingereza John Ambrose Fleming alikitengeneza kifaa cha namna hiyo mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akatia waya mwembamba katikati, na waya huo ndio uliokuwa bawabu: umeme mdogo ukiugusa, huachilia au huzuia umeme mkubwa upitao. Hivyo sauti ndogo ya uzi wa gita huamrisha nguvu kubwa ya spika. Redio, simu za masafa marefu, sinema za sauti na ala zote za umeme zilisimama juu ya bawabu huyo.

Kisha Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, ikazaliwa transista. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji kupashwa, haikuvunjika na ilikula umeme kidogo. Kwa muda wa miaka 30 hivi valvu zikatolewa katika redio, katika televisheni, katika hesabu za mabenki na katika mambo ya serikali. Kiwanda cha Mullard huko Blackburn, kaskazini ya Uingereza, ambacho kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya kazi hiyo Ulaya, kiliacha kutengeneza valvu katika miaka ya 1980. Vya Marekani navyo vikazima kimoja kimoja. Mtu mwenye akili zake mwaka 1985 angesema kwamba mambo yamekwisha.

Waliokataa ni wapiga gita. Na hawakukataa kwa ushamba. Transista ikisukumwa kupita uwezo wake huikata sauti ghafla, kama mtu akatapo kamba kwa shoka, na sikio huudhika. Valvu ikisukumwa huikunja sauti pole pole. Inakwaruza, ndiyo, lakini inakwaruza kama koo la mwimbaji aliyeimba tangu magharibi na sasa ni saa nane za usiku, na kila mmoja barazani anamwomba asinyamaze. Mafundi waliona makosa, wanamuziki wakaona ladha. Amplifaya ya Vox AC30 yenye valvu nne za EL84, Fender Twin Reverb yenye nne za 6L6, na zile za Marshall zilizoshika EL34 ndizo zilizofanya sauti ya gita ambayo dunia nzima iliisikia tangu miaka ya 1960. Na sisi hatukuwa nje ya hesabu hiyo. Black Star ya Tanga ilipoingiza magita ya umeme katika taarabu, sauti ile ilikuja mpaka barazani petu, na wazee walioanza kwa kulalamika walimaliza kwa kutunza.

Lakini je, kama Waingereza na Wamarekani walifunga, valvu za kubadilisha zilitoka wapi?

Zilitoka upande ambao Magharibi ilikuwa ikiucheka. Tarehe 6 Septemba 1976 rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, alitoroka na ndege ya kivita aina ya MiG-25 na kutua Hakodate, Japani. Wamarekani walipoifungua ndege hiyo waliyokuwa wakiihofu sana, walikuta ndani yake vyombo vya valvu. Kwanza walicheka. Baadaye walio na busara wakasema: ngojeni, mlipuko wa bomu la nyuklia hutoa wimbi la umeme linaloua transista, na valvu hulistahimili vizuri zaidi. Basi kwa sababu za kijeshi, na kwa sababu pia ya redio na televisheni za raia zilizokuwa bado zinahitaji, viwanda vya Kisovieti, vya Chekoslovakia na vya China viliendelea kuwaka moto wakati vya wengine vimepoa. Nguzo ya muziki wa vijana wa Magharibi ikawa inashikiliwa na mafundi wa kambi ya pili. Mshairi akibuni kisa kama hicho ataambiwa amezidisha chumvi.

Dola ya Kisovieti ilipoanguka, viwanda hivyo vilibaki bila mteja. Ndipo akaingia Mmarekani mmoja wa New York, Mike Matthews, aliyekwisha anzisha kampuni ya Electro-Harmonix mwaka 1968 ya kutengeneza vyombo vya kupamba sauti ya gita. Alianza kwa kununua valvu za Kirusi na kuziuza kwao kwa jina la Sovtek, na mwishowe kampuni yake, New Sensor, ikamiliki kiwanda chenyewe, huko Saratov kando ya mto Volga. Pamoja na kiwanda alinunua pia majina. Tung-Sol lilikuwa jina la Marekani. Genalex lilikuwa la Uingereza. Mullard, lile la Blackburn, naye alikuwa na haki ya kulitumia juu ya valvu. Yote hayo sasa hupigwa chapa juu ya vioo vinavyotoka jengo moja la Saratov.

Hapa ndipo nilipomwambia kijana: "Mwanangu, Mullard uliyoipenda si Mwingereza. Ni Mrusi aliyevaa koti la marehemu."

Akanuna. "Basi ni wizi, ami?"

La, si wizi, na si vizuri kumsingizia mtu. Jina limenunuliwa kwa sheria, na valvu zenyewe si mbaya. Wako mafundi wanaozipenda. Lakini jahazi jipya likipewa jina la jahazi lililozama, abiria ana haki ya kuuliza mbao zilikatwa mwaka gani. Kosa ni la muuzaji anayeacha mteja aamini anachotaka kuamini. Tulifundishwa chuoni kwamba anayeuza kitu na anajua aibu yake, aiseme kabla ya kupokea pesa. Katika ukurasa ule aliokuwa amenionyesha, neno Saratov halikuwapo popote, na picha ya bendera ya Uingereza ilikuwapo.

Sasa tuje kwenye vita. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Sisi huku tulikutana na habari hiyo dukani, kwa bei ya unga wa ngano na mkate, kwa sababu ngano nyingi ya Kenya ilikuwa ikitoka katika nchi hizo mbili. Wapiga gita walikutana nayo wiki mbili baadaye. Machi 2022 serikali ya Urusi, kujibu vikwazo ilivyowekewa, ilipiga marufuku kusafirisha nje zaidi ya aina 200 za bidhaa hadi mwisho wa mwaka ule. Matthews akawatangazia wateja wake kwamba valvu zake zimo katika marufuku hiyo. Kwa siku chache maduka ya Ulaya na Marekani yalikuwa kama maduka ya sukari ikisikika kwamba meli haiji: wengine walifunga mauzo, wengine walipandisha bei, na watu wenye amplifaya moja walinunua valvu za kutosha kumi. Muda si muda Matthews akatangaza tena kwamba njia imepatikana na mizigo itatoka. Lakini Marekani nayo ilikuwa imeiondolea Urusi heri ya ushuru nafuu, na valvu za Saratov zilipoingia huko ziliingia kwa bei nyingine. Bei iliyopanda haikurudi pale ilipokuwa.

Angalia ramani uone hatari yake. Ng'ambo ya mto, kuikabili Saratov, uko mji wa Engels wenye kambi ya ndege kubwa za kutupa mabomu. Desemba 2022 kambi hiyo ilishambuliwa kwa ndege zisizo na rubani, na si mara moja. Basi sehemu kubwa ya valvu za gita za dunia hii hutengenezwa upande wa pili wa mto mbele ya shabaha ya vita.

Wengine ni nani? China kulikuwa na Shuguang ya Changsha, iliyowahi kujaza amplifaya nyingi za bei nafuu. Tangu karibu mwaka 2019 mali yake imeadimika, na walio China sasa, Psvane wakiwa mmoja wao, hawajalijaza pengo lote. Marekani iko Western Electric, Rossville, jimbo la Georgia, ambayo hutengeneza valvu ya 300B kwa wapenzi wa santuri wenye pesa zao, na baada ya zahama ya 2022 ilitangaza nia ya kutengeneza za gita pia. Halafu iko Slovakia. Katika mji mdogo wa Čadca iko kampuni ya JJ, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 juu ya ujuzi na mitambo iliyoachwa na Tesla, shirika kubwa la umeme la Chekoslovakia ya zamani. Kwa mpiga gita wa kawaida uchaguzi umebaki huo: Saratov, Čadca, au kubahatisha China. Ziko pia zile za zamani zilizokaa ghalani bila kutumiwa, lakini hizo zimekuwa kama ambari, na palipo ambari pana waghushi: jina la zamani hufutwa na kupigwa jipya, na sanduku la karatasi huchapwa upya likazeeshwa kwa chai.

Baada ya kumsomea kijana hayo yote alipumua, akasema, "Ami, niambie basi ninunue ipi."

Nilimwambia kwanza asahau jina, atazame namba. Amplifaya yake imeandikwa EL34 na ni lazima iingie EL34. Yako maneno ya mitaani kwamba 6L6 na EL34 ni ndugu kwa kuwa vitako vyao vinalingana. Vinalingana, ndiyo, lakini ukipeleka EL34 katika amplifaya ya 6L6 uzi wake unakula ampia moja na nusu mahali ambapo transfoma iliandaliwa kwa sifuri nukta tisa, na transfoma ikiungua hiyo ndiyo hasara, si valvu. Zaidi ya hapo miguu yao ya ndani haikufungwa sawa sawa.

Pili, zinunuliwe mbili, na zilizopimwa pamoja zikalingana, kwa sababu hufanya kazi kwa zamu kama watu wawili washikao msumeno mmoja. Ile iliyopona aiweke akiba, asiioanishe na ngeni. Tatu, na hili ndilo wanaloliruka wengi, valvu hizi kubwa hazitiwi tu kama balbu ya sebuleni. Fundi lazima apime umeme unaopita ndani yake wakati gita limenyamaza. Bati la EL34 huvumilia wati 25, na mafundi wengi hawapendi livuke kama asilimia 70 ya hizo, yaani wati 17 na nusu. Kama mtambo una volti 450 hapo batini, hesabu inakupa kiasi cha miliampia 39. Ikizidi sana bati hugeuka jekundu gizani, na hapo zima upesi. Ikipungua sana sauti hukauka. Na fundi awe fundi kweli, kwa sababu zile kapasita za ndani hushika mamia ya volti hata baada ya waya kung'olewa ukutani, na zinaua.

Zile ndogo, za 12AX7 ambazo Wazungu wa bara huziita ECC83, hazina masharti mengi. Ukizigonga kidogo kwa penseli mtambo ukiwa wazi na spika ikalia kengele, hiyo imechoka. Nilimpa hila moja niliyoipata kwa fundi mmoja mzee: kikundi cha taarabu hakitaki gita lingurume, basi mahali pa kwanza pa 12AX7, ambayo hukuza mara 100, jaribu 5751 ambayo hukuza mara 70, au hata 12AT7 ya mara 60. Gita hutulia, na mwimbaji husikika maneno yake. Huo ni ushauri wa mshairi pia. Nimechoka kuandika beti zinazozikwa chini ya nyuzi.

Wako watakaosema, na mwanangu mwenyewe alisema, kwamba siku hizi kuna mitambo midogo ya kompyuta inayoigiza amplifaya yoyote, haina kioo, na inaingia mkobani. Nimeisikia. Ni mizuri, na kijana anayeanza leo sitamkataza. Ukinifunga macho nikiwa mita 20 katikati ya arusi, na akina mama wanapiga vigelegele, sitadai kwamba nitatambua. Lakini yeye hanunui amplifaya, anayo. Kuitupa mashine ya babake kwa ajili ya kioo kimoja kilichopasuka ni israfu, na bei ya mtambo mpya ingemaliza arbuni za arusi zote tatu na zaidi.

Lilibaki swali moja ambalo hakuniuliza, nami nililiwaza peke yangu alipokwenda zake. Je, inafaa kununua kutoka nchi iliyo vitani? Wako wapiga gita wa Ulaya walioapa kutogusa tena chochote cha Saratov. Siwalaumu. Lakini pia siwezi kumwona adui yule mama wa Kirusi aliyeinamia meza, akipanga nyaya kwa koleo ndogo; na nakumbuka kwamba wanaotuhubiria kususia upande huu hawatusikii tukisema habari za Palestina. Kwa hiyo sikumtolea kijana fatwa. Nilimpa hesabu tu: mali ya Čadca haipiti mpaka wa vita, haina ushuru wa adhabu, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile yenye jina la marehemu. Kama ingekuwa Saratov ndiyo yenye bei nafuu na njia salama, sijui ningemwambia nini.

Aliagiza ya Slovakia siku ya pili, jozi moja ya EL34 na 5751 moja. Kifurushi kimekwisha toka Ulaya, hilo tumeambiwa, na tangu hapo hakuna habari. Tumeingia Ramadhani na kila jioni kabla ya futari hupita akauliza kama posta wamepiga simu, kwani sanduku la barua ni langu. Arusi ya kwanza ni siku ya sita ya mfunguo mosi. Ile valvu iliyopasuka ameniachia. Nimeiweka juu ya karatasi zangu zisipeperushwe na kusi, na mjukuu wangu huuliza kila siku ndani yake mna maziwa ya nani.